Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Mgeni akishuka Dar, anafikaje Arusha?

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mpokea wageni kwenye nyumba ya kulala wageni hapa Dar es Salaam. Kazi niliyoajiriwa ni kuandika majina kitabuni na kutoa funguo. Kazi ninayoshinda nikiifanya ni kujibu swali moja: nikitoka hapa, naendaje kule? Kule ni Zanzibar, Arusha, Mwanza, Kigoma, Mbeya, na siku hizi Nairobi.

Sikuandikii kusema usafiri hakuna. Upo, tena umeongezeka sana. Zamani jibu langu lilikuwa fupi: amka alfajiri, uwahi basi. Leo mgeni anayekwenda Dodoma namwambia apande SGR, treni ya umeme ya reli mpya, na safari iliyokuwa inakula kutwa nzima barabarani inakwisha kwa saa tatu na nusu hivi. Treni hiyo ilipoanza 2024, nauli ya kawaida hadi Dodoma ilipangwa shilingi 31,000, na wageni wengine huniuliza mara mbili kama sijakosea hesabu. Mabasi yanasafiri usiku tangu 2023. Anayekwenda Kanda ya Ziwa hangoji tena kivuko cha Kigongo na Busisi, kwa kuwa daraja limefunguliwa Juni 2025. Jengo la tatu la uwanja wa ndege limejengwa kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka. Hayo yote nayasifia mapokezi, bila kulipwa.

Shida yangu inaanza mgeni anaposhuka kwenye chombo kimoja na kutafuta cha pili.

Tazama Dar es Salaam peke yake. Uwanja wa ndege uko Kipawa. Stesheni ya SGR iko katikati ya mji, ya TAZARA, reli ya kwenda Zambia, iko kwenye Barabara ya Nyerere, boti za Zanzibar ziko Barabara ya Sokoine, na mabasi ya mikoani yako Mbezi Luis, huko nje kwenye Barabara ya Morogoro. Milango mitano ya nchi moja, na hakuna hata mmoja unaomwambia mgeni mlango ule mwingine uko wapi. Njia ya mabasi ya mwendokasi, awamu ya kwanza, iliishia Kimara, kisha stendi kubwa ikaenda kujengwa mbele yake. Sijui kama waliochora ramani hizo mbili waliwahi kunywa chai pamoja.

Linaloniuma zaidi ni stesheni na bandari. Kutoka SGR hadi kwenye boti za Zanzibar ni mwendo wa miguu, hata ukiwa na begi la magurudumu. Maana yake mtu anaweza kuamka Dodoma, akapanda treni ya asubuhi, na kulala Unguja siku hiyohiyo. Nchi nyingi zingeiuza safari hiyo kama bidhaa: tiketi moja, saa za treni zikioanishwa na saa za boti, mishale ukutani kutoka mlango wa stesheni hadi geti la bandari. Kwetu mgeni anatoka nje, anazungukwa na watu watano wanaomwambia bandari ni mbali, na anaingizwa kwenye bajaji. Anafika baada ya dakika chache, amelipa nauli ya kwenda Mbagala.

Halafu kuna malipo. Sisi wenyeji tumezoea: unapata namba ya malipo, unaingia kwenye simu, kwisha. Mgeni aliyeshuka jana hana laini iliyosajiliwa, na asiye na laini hana pesa ya simu. Ana kadi ya benki yake na noti za dola. Basi tiketi nyingi za mtandao nazilipia mimi kwa simu yangu, naye ananirudishia taslimu. Nikiwa sipo zamu, sijui wanafanyaje. Wakati huohuo tunayo N-Card, kadi ya malipo inayojazwa fedha, ambayo tayari watu wanalipia kivuko cha Kigamboni na kuingilia uwanja wa mpira wa Mkapa. Kwa nini asiipate palepale anapochukua mizigo, aijaze kwa kadi yake ya benki, kisha aitumie kwenye mwendokasi, treni na boti?

Nauli nayo. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanapanga nauli za mabasi kwa kilomita, kwa hiyo bei halali ya Dar hadi Arusha inajulikana hadi shilingi ya mwisho. Mgeni pekee ndiye asiyeijua. Anaisikia mara ya kwanza kutoka kwa mpiga debe, ambaye ameshashika begi lake. Kwenye boti za Zanzibar mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji. Sina ugomvi na hilo, mradi bei ibandikwe mahali pa wazi ili mtu alipe akijua.

Utaniuliza, mbona watalii wanazidi kuja? Mwaka 2024 walipita milioni 2. Kweli, lakini mgeni wa mbugani hajawahi kutuumbua kwa sababu hakutani na usafiri wetu wa umma. Anashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, anamkuta mtu ameshika karatasi yenye jina lake, anapandishwa Land Cruiser, na siku ya mwisho gari hilohilo linamrudisha uwanjani. Tumekula fedha yake miaka yote bila kulazimika kumwonyesha kituo cha basi.

Shabiki wa mpira ni mgeni wa aina nyingine. Septemba 2023 CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupa uenyeji wa AFCON 2027, mashindano ya mataifa ya Afrika, pamoja na Kenya na Uganda. Ukiziunganisha nchi hizo mbili, eneo lake bado halifikii la Tanzania, kwa hiyo umbali mrefu zaidi utakuwa kwetu. Chukua kijana kutoka Dakar. Timu yake imecheza kwa Mkapa, mechi inayofuata ni Arusha, na ikivuka makundi huenda akahitajika Nairobi. Hana wakala wala dereva, anaongea Kifaransa, na fedha yake anaihesabu. SGR haielekei Arusha. Ndege ataipata, kwa zaidi kidogo ya saa moja hadi KIA, kisha kuna kilomita kama 50 za barabara hadi mjini. Basi litamla siku nzima. Treni ya zamani, ile iliyorudishwa Moshi 2019 na Arusha 2020, ingemfaa kabisa maana angelala njiani, ila ratiba yake hata mimi nauliza kwa simu. Nairobi ataingilia Namanga, na hapo kuna jambo la viza: ile ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda sisi hatumo. Najua si la wizara yako, lakini kwenye Baraza la Mawaziri mnakaa meza moja.

Nadhani naielewa sababu ya yote haya. Mabasi ni ya LATRA, vyombo vya majini ni vya TASAC, ndege ni za TCAA, mwendokasi uko TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, stendi ni za halmashauri, na mpira una wizara yake. Kila mmoja anasimamia chombo chake vizuri au vibaya, na njia ya kutoka chombo kimoja hadi kingine haina mwenyewe. Ndiyo maana sikuombi reli mpya. Naomba ofisi moja, hata ya watu wachache, iliyopewa mamlaka juu ya maungio hayo. Ianze na ukurasa mmoja wa serikali wenye ratiba na nauli za treni, mabasi, boti na ndege, kwa Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, unaorekebishwa siku ileile treni inapoahirishwa. Kuna wageni wanaokuja kwa ajili ya TAZARA tu, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Hao wako radhi kungoja, lakini wanataka kujua wanangoja hadi lini.

Kabla ya hapo, jaribu hili. Mchukue afisa kijana wizarani, asiyejulikana na mtu. Mpe begi, kadi ya benki ya nje na dola chache, umnyang'anye simu ya pesa. Mteremshe jengo la tatu saa mbili usiku, umwambie afike Arusha kabla ya jua la kesho kutwa kuzama, bila kumpigia ndugu wala rafiki. Kila atakapokwama aandike mahali, saa, na kiasi alichotozwa. Daftari hilo akilileta, lipige chapa, na kila taasisi ipewe kurasa zake.

Wako katika kazi,
Mpokea wageni, Dar es Salaam

Nakala: LATRA, TRC, TASAC, DART, na wizara inayohusika na michezo