Mgeni asiishie kileleni, apite na vihambani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonikera kila ninapoyaona magari ya watalii yakipandisha kuelekea lango la Marangu. Waliomo wanawaza kilele cha Mlima Kilimanjaro cha mita 5,895, na wengi wao wakishashuka huondoka moja kwa moja, bila kuelezwa kwamba ukanda ule wa migomba walioupita wakiwa wamefunga vioo kwa ajili ya vumbi nao ni urithi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 1987, na hilo linajulikana. Kwamba mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba za Wachaga, vya Shimbwe Juu, wilayani Moshi, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima, hata sisi wa hapa hapa wengi hatujui.

Kihamba ukikitazama kwa haraka utadhani ni pori lililoota migomba. Kumbe kila kitu kina ghorofa yake: juu iko miringaringa na miti mingine mirefu, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga, huku viazi vikuu vikitambaa kwenye mashina ya miti. Ng'ombe hatoki bandani. Huletewa majani na vipande vya mgomba, na samadi yake hurudishwa shinani. Kahawa yenyewe ni ya juzi tu, kwani ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, lakini ilipata kivuli tayari. Maji huja kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mikono ya mababu, inayoyatoa kwenye mito na kuyapitisha kwenye kingo za mabonde bila pampu yoyote, kwa zamu ambazo watumiaji wenyewe hupangiana, na mifereji hiyo husafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji.

Desemba iliyopita niliwapeleka wajukuu wangu kutembelea vihamba vya upande huo. Kijana tuliyemlipa atuongoze alitupeleka kwenye maporomoko, akatupigia picha tukitwanga kahawa, na mjukuu wangu alipomuuliza maji ya mfereji yanatoka wapi akajibu kuwa ni ya mvua. Mzee mmoja aliyekuwa akizibua mfongo huo huo ilibidi aweke jembe chini atueleze. Nilipomuuliza yeye hupata nini katika fedha wanazolipa wageni, alicheka, akaendelea na kazi yake.

Sina ugomvi na kutwanga kahawa. Ninachoomba ni kwamba serikali za vijiji zipange kiingilio kinachoeleweka, na sehemu yake iende kwa kamati za mifongo na kwenye miche ya miti ya asili, na waongozaji watoke miongoni mwa wanaolima. Vihamba vimegawanywa kwa watoto wa kiume kizazi hadi kizazi mpaka vingine vimebaki vya kujengea nyumba tu. Bei ya kahawa ilipoanguka wapo walioing'oa, na vijana wakaenda zao mijini. Anayebaki kuzibua mfongo hawezi kuendelea kuwatunzia wageni mandhari kwa hisani.

Wageni nao waelezwe kabla ya kuingia kwamba kihamba ni nyumbani kwa mtu na kwamba wazee wa ukoo wamezikwa humo, kwa hiyo salamu hutangulia kamera. Masale yaliyopandwa mpakani hayapo kwa urembo: ndiyo alama ya mpaka, na jani lake ndilo Mchaga hulibeba anapokwenda kuomba msamaha.

Kwa kuwa Desemba ndipo wenyeji walioko Dar es Salaam na kwingineko hurudi kwa wingi, ingefaa vijiji viwe na utaratibu huo kabla ya mwezi huo, ili wateja wa kwanza wawe ni watoto wetu wenyewe.

Bwana shamba mstaafu,
Moshi