Risala ya Mafundi wa Karakana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupokea Magari Mapya ya Doria

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, makamanda, maafisa na askari wote mliohudhuria,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kutusikiliza. Waliokutangulia nao walikuwa na majukumu mengi, na walikuja. Ahadi zao tumezitunza vizuri kwenye faili.

Historia ya magari ya kijeshi tutaipitia haraka. Jeep ilienea vitani kuanzia 1941, Land Rover ikafuata 1948, Humvee ikaingia miaka ya 1980. Defender ya zamani ya Land Rover iliacha kutengenezwa Januari 2016, na tangu hapo jeshi linaloitegemea lina kila sababu ya kutafuta mrithi.

Mheshimiwa, mafanikio yapo. Mistari ya maegesho imepakwa rangi. Kila gari lina daftari la matengenezo, na daftari hilo hujazwa. Aidha, tumeongeza majani ya springi za nyuma kwenye magari yaliyofungwa bamba za kinga, hatua tunayothubutu kuiita ya kihistoria, ingawa springi ngumu haziongezi nguvu ya breki. Chukua gari lililoruhusiwa uzito wa jumla wa kilo 3,500 na lenye kilo 2,300 likiwa tupu. Bamba kilo 700, askari watano na zana zao kilo 110 kila mmoja: tayari ni 3,550, na hatujapakia redio, maji wala risasi.

Changamoto ni nyingi, lakini leo tumekubaliana kusema moja.

Magari tunayokabidhiwa leo ni mazuri, tunayapokea kwa mikono miwili. Yana injini ya dizeli inayoendeshwa na kompyuta, na kwenye ekzosi kuna chujio la masizi. Chujio hilo hujisafisha lenyewe kwa kuyaunguza masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, jambo linalohitaji gari likimbie barabarani kwa mwendo wa kutosha. Doria haiendi hivyo. Gari hutambaa, husimama, huachwa likinguruma muda mrefu ili redio zisimalize betri. Ekzosi haipati joto, masizi yanajaa, taa inawaka, na mwishowe kompyuta inaibana injini isizidi mwendo wa mkokoteni.

Kibaya zaidi, kila jaribio la kujisafisha linalokatizwa njiani huacha dizeli iliyonyunyizwa kuongeza joto ikichuruzika hadi kwenye oili. Fundi akichomoa kijiti na kukuta oili imepanda juu ya alama ilhali hakuna aliyeongeza, asifurahi: oili imekuwa nyepesi, na beringi za injini ndizo zitakazolipa.

Wakati mwingine chujio halina kosa lolote. Kampira kembamba kanakopeleka shinikizo la ekzosi kwenye sensa, yaani kipimio cha shinikizo, kamepasuka, na kompyuta inasoma uongo. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mashine ya kupimia kompyuta ya gari. Asiye nayo hubadilisha chujio zima, au hulikata, na hapo kompyuta huona shinikizo limepotea, ikaibana injini vilevile. Gari linawekwa kando, linaanza kunyofolewa vipuri kuokoa mengine, na baada ya hapo halirudi tena.

Kwa hiyo Mheshimiwa, tunaomba yafuatayo yaongezwe ndani ya mkataba wa ununuzi, si kwenye barua ya baadaye. Kwa kila magari kumi, mashine moja ya kupimia inayoweza kuamuru chujio lijisafishe gari likiwa limesimama, ifanye kazi bila intaneti, na leseni yake idumu umri wote wa gari. Michoro kamili ya nyaya. Kwa kila gari, sensa mbili za akiba na mipira yake, filta za dizeli za miaka miwili, na oili yenye majivu kidogo, kwa sababu oili ya kawaida huacha majivu mengi zaidi yasiyoungua na chujio huziba mapema. Mafundi wafunzwe kabla magari hayajaanza doria, si baada ya la kwanza kuzimika.

Na kwa awamu ijayo, muuzaji aulizwe kama anayo injini isiyo na chujio hilo. Zipo sheria za moshi zinazoyapa magari ya kijeshi msamaha. Swali halina gharama.

Ombi hili si geni. Liliwahi kupokelewa kwa makofi, likaitwa la msingi, tukaambiwa liko kwenye mchakato. Mchakato huo tunauheshimu sana; tungependa tu kujua umefika wapi.

Orodha kamili yenye namba za vipuri iko mezani mbele yako, Mheshimiwa, pamoja na kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.