Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: jaribio letu la malisho, tulipokosea na tunavyoanza upya

Ndugu wanachama, salaam nyingi na asanteni kwa mwaka mzima tuliotembea pamoja. Mambo ya ada na matumizi mweka hazina ameyaandika kwenye taarifa yake, someni huko, mimi hapa nataka niongelee kitu kimoja tu maana ndicho kilichotugawa mwaka huu, yaani lile jaribio letu la kulinganisha malisho ya mzunguko, ambapo kundi linahamishwa kipande hadi kipande ili nyasi zipumzike, na malisho huria, ambapo kundi linaachwa eneo moja msimu mzima.

Mnakumbuka mkutano mkuu uliopita nilisimama mbele yenu nikatangaza kwamba mzunguko umeshinda. Wengine wenu mlitoka pale mkaenda moja kwa moja kununua waya za uzio. Naombeni radhi kwa hilo, toka moyoni, kwa sababu kamati ilipokaa kulipitia upya tumekuta jaribio halikuwa la haki tangu siku ya kwanza. Kundi la mzunguko tuliliweka bondeni kwenye udongo mzuri, la huria tukalipeleka mlimani, halafu kule bondeni ng'ombe walikuwa wachache kwa hekta, halafu tena msimamizi wa mzunguko ni mwenzetu anayeupenda kweli mfumo ule, alfajiri yuko na ng'ombe, wakati kundi lingine linaangaliwa na yeyote aliyepata nafasi. Sasa kilichoshinda hapo ni mzunguko, ni udongo, ni idadi au ni uangalizi? Hakuna awezaye kujua, hata tukipiga hesabu mpaka kesho.

Hili la idadi kwa hekta nalikazia maana ndilo linalodanganya watu kuliko yote. Mwaka 1974 watafiti wawili, Jones na Sandland, walionyesha kwamba ukizidi kuongeza mifugo kwenye eneo lilelile, uzito anaoongeza kila mnyama unashuka tu, moja kwa moja, ila nyama kwa hekta inapanda kwanza, inafika kilele, ndo inaporomoka. Kwa hiyo mkilinganisha mifumo miwili yenye idadi tofauti mtapata mshindi yeyote mnayemtaka, inategemea tu mmechagua kupima kwa kichwa au kwa hekta. Na mwaka 2008 mtafiti Briske na wenzake walikusanya majaribio mengi ya mzunguko wakakuta kwenye 35 kati ya 38 kila mnyama wa malisho huria alizalisha sawa au zaidi ya yule wa mzunguko. Sisemi mzunguko haufai jamani, wafugaji wengi waliyapinga majaribio yale na walikuwa na hoja, maana kwenye mengi kundi lilihamishwa kwa tarehe tu, nyasi ziwe zimekomaa au hazijakomaa, na hakuna mfugaji makini anayefanya hivyo.

Ndo maana nimevutiwa sana na walichofanya kule Colorado, Marekani. Walikaa watu 11, wafugaji, watu wa mazingira na maofisa, wao ndo wanaamua kundi lihame lini kwa kuangalia nyasi zenyewe. Kuna padoki 10 za mzunguko, yaani vipande vya malisho vilivyozungushiwa uzio, kila moja hekta 130 hivi, na kila moja ina pacha wake wenye udongo na mimea inayofanana, pacha huyo analishwa msimu mzima bila kuhamisha, na idadi ya ng'ombe kwa ujumla ni ileile pande zote. Miaka ya mwanzo ng'ombe wa mzunguko waliongeza uzito pungufu kwa asilimia 12 hadi 16. Wafugaji waliokuwa wanautetea mzunguko walikuwa mezani toka mwanzo, kanuni walizitunga wao, kwa hiyo jibu hata kama halikuwafurahisha hawakuwa na sababu ya kusema wameonewa. Hicho ndicho nakitamani kwetu.

Kuna jambo lilichukua kikao kizima kueleweka, mimi mwenyewe lilinichukua muda. Tulikuwa tunasema tuna ng'ombe ishirini kila upande kwa hiyo tuna ushahidi ishirini. Sio hivyo. Wote wanakula padoki moja, ugonjwa ukiingia ni wao wote, nyasi zikikauka ni wao wote. Ni kama umeuliza watu kumi wa nyumba moja chakula cha jana kilikuwaje, majibu kumi lakini chungu kilikuwa kimoja. Kinachohesabiwa ni padoki, sio vichwa, na sisi tulikuwa na padoki moja moja tu.

Na huruma nayo inaharibu. Mwaka 1930 kule Lanarkshire, Uskoti, watoto 20,000 waliwekwa kwenye jaribio la maziwa, nusu wanakunywa nusu hawanywi. Walimu waliruhusiwa kubadilisha majina pale makundi yalipoonekana hayana uwiano, na inaelekea wengi wakawapa maziwa watoto waliodhoofu, nani asingefanya hivyo, lakini mwaka uliofuata mtaalamu wa takwimu Gosset, yule aliyekuwa anaandika kwa jina la Student, akaonyesha kwamba ulinganisho ulishaharibika. Tena watoto walipimwa na nguo zao, Februari nguo nzito za baridi, Juni nguo nyepesi. Sisi tulifanya kosa hilohilo, kundi moja tulipima asubuhi kabla halijala, lingine mchana likitoka kunywa maji, na mnajua tumbo la ng'ombe linavyobeba, kilo kibao hapo ni maji na nyasi tu.

Basi kamati inapendekeza tuanze upya. Vipande vya ardhi vipangwe jozi jozi kwa udongo na mteremko, ndani ya kila jozi ichotwe kura ya bahati iamue kipi mzunguko kipi huria, ng'ombe wagawanywe kwa umri na uzito kisha nao wachotewe kura. Kupima ni saa ileile, baada ya kukaa na njaa usiku, na anayesoma mizani asijue ng'ombe ametoka upande gani. Kila mfumo uwe na kanuni zake za kuhama zilizoandikwa na wanaoupenda, na chakula cha kununua kiandikwe chote, maana mfumo unaobebwa na pumba za dukani hauwezi kusifiwa kwa nyasi. Miaka isipungue mitatu, mwaka mmoja wa mvua nzuri hautoshi kusema lolote.

Kwenye kamati tulibishana kama idadi kwa hekta iwe sawa au kila mfumo uachwe kwenye idadi inayoufaa. Hoja zote mbili zina uzito, mimi nimesimama na kuanza sawa, ila nyie ndo mtaamua kwa kura ya mikono.

Wenye vipande mlivyojitolea leteni michoro yake siku ya mkutano. Kura ya kugawa vipande itachotwa pale pale mbele ya wote, na atakayechota sio mimi wala mjumbe yeyote wa kamati, na ikishatoka tafadhali asije mtu kwangu pembeni kuomba abadilishiwe.