Barua kwa mwanangu: babu yako na karata zake

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza babu yako alikuwa mtu wa namna gani, nami nikakujibu kwa mkato kwamba alikuwa mkimya. Ni kweli, lakini ukiishia hapo utabaki na picha ya mtu mkali, naye hakuwa mkali hata kidogo. Baba alizungumza nami sana, tena kwa kirefu, ila hakutumia mdomo. Alitumia karata.

Tulikuwa tukicheza ule mchezo wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, mwenzako anakaa mkabala nawe. Karata ni 52, kila mtu anapata 13, na ile ya mwisho kugawiwa inafunuliwa ili aina yake (kopa, uru au nyingine) iwe turufu, yaani aina inayozishinda nyingine zote. Aina iliyoanzishwa lazima uifuate kama unayo. Kama huna, unakata kwa turufu au unatupa takataka yoyote. Mwenye karata kubwa anakula zote nne, kisha ndiye anayeanza tena. Na hakuna kusema. Kumwambia mwenzako ulichoshika ni haramu, kumkonyeza ni haramu, na kikohozi chenye maana nacho ni haramu, ingawa bibi yako alikuwa na kifua kibovu usiku wa karata tu.

Bibi alicheza na mjomba wangu, kaka yake. Walikuwa na kelele za kutosha nyumba tatu. Mjomba hakuitupa turufu, aliibamiza, halafu akainuka nusu kitini kutuangalia nyuso zetu. Akichanganya karata, alizipiga mara mbili au tatu akaanza kugawa, na bibi alimnyang'anya akachanganya upya. Nikiwa mtu mzima nilisoma kwamba mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kuwa kwa uchanganyaji ule wa kuingiliza nusu mbili, karata zinahitaji kama mara saba ndipo zichanganyike sawasawa. Nilimpelekea mjomba habari hiyo kwa furaha kubwa. Akasema hao hawakuwahi kucheza na dada yake.

Joka, ile karata ya ziada (joker), hakuruhusiwa mezani. Bibi alimtoa kabla ya kuanza na kumfungia kwenye pakiti, akimwita mzururaji. Kwa kweli ndiye mgeni katika familia hiyo: karata zilikuwa zikichezwa Ulaya tangu karne ya 14, lakini yeye aliongezwa Marekani katika karne ya 19.

Basi, babu yako. Alishika karata zake chini, karibu na mapaja, akazipanga mara moja tu na hakuzigusa tena mpaka zamu yake. Mzaha wake ulikuwa mmoja. Mtazame mfalme wa kopa: kati ya wafalme wanne ni yeye peke yake asiye na masharubu, na upanga wake unapita nyuma ya kichwa. Kila alipomtupa, baba alisema, "Kinyozi kamaliza." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la usiku mzima, na sote tulilisubiri.

Mengine yote aliyasema kwa mpangilio wa karata. Nilikuwa msichana mdogo nilipoanza kugundua kwamba wakati mwingine anatupa saba kwanza, kisha raundi inayofuata ya aina ileile anatupa tatu. Mtu wa kawaida huanza na ndogo. Nilikaa na jambo hilo kichwani kwa muda mrefu, nikilitazama kila lilipojirudia, mpaka nikalipata: kubwa kisha ndogo maana yake alikuwa anataka nianzishe turufu. Nilipoanzisha kwa mara ya kwanza hakutabasamu wala hakuitikia, alikula tu. Lakini tangu usiku ule alianza kunitupia ishara ngumu zaidi, nikajua nimepandishwa darasa. Wachezaji wa whist, mchezo wa aina hii huko Uingereza, waliitumia ishara hiyohiyo katika karne ya 19, kwa hiyo usidhani ulikuwa ujanja wa kifichoni. Hata mjomba aliijua, ila hakuwa na subira ya kuangalia.

Kuna mgao mmoja wa karata nataka uuelewe vizuri, kwa hiyo chukua karata uzipange mezani. Turufu zimekwisha kwa watu wote. Mimi nina uru tupu: ree (ndiyo kubwa kuliko zote, hata mfalme), malkia, ghulamu, kumi, tisa. Baba ana uru mbili, mfalme na mbili. Naanzisha ree. Mtu yeyote angetupa ile mbili na kumtunza mfalme, maana mfalme ni karata ya kula. Baba akamtupa mfalme. Mjomba alicheka mpaka akashika meza, akasema mzee kalala.

Sasa rudia, umtunze huyo mfalme. Raundi ya pili nikianzisha malkia, mfalme analazimika kumla, zamu inakuwa ya baba, naye hana uru nyingine ya kunirudishia. Karata zangu zote nzuri zinafia mkononi. Alipomtupa mapema, malkia alikula, ghulamu akala, kumi ikala, tisa ikala. Kicheko cha mjomba kiliishia kwenye ghulamu. Baba wakati huo alikuwa anaangalia dari kana kwamba mchezo haumhusu.

Huyo ndiye babu yako. Nimejaribu kutafuta kisa kingine cha kukueleza jinsi alivyotulea na sipati kinachomfikia hicho.

Ukija likizo, uje na yule rafiki yako unayemtaja kila siku, maana tukiwa watatu mchezo hauchezeki. Yeye atakaa na baba yako, wewe utakaa mkabala nami. Mwonye tu mapema kwamba baba yako huhesabu turufu kwa sauti, tena hukosea, asije akamwamini.

Mama yako