Tanzu si tawi

Mhariri,

Ofisi nyingi za uwakala wa forodha hapa Mombasa huchanganya kampuni mama, tanzu (kampuni inayomilikiwa na kampuni mama lakini imesajiliwa peke yake) na matawi kwenye programu ya kutunza rekodi za wateja. Kipimo ni PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Tanzu ina PIN yake, basi ifunguliwe rekodi yake, kisha iunganishwe na kampuni mama. Tawi la Changamwe linalotumia PIN ya makao makuu si mteja mpya. Ongeza anwani tu. Ukikosea, ankara hutoka na PIN isiyo yake, mteja anashindwa kudai VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na hapo simu hazikomi.

Mkiingiza orodha kutoka Excel, tangulizeni kampuni mama, la sivyo tanzu zitakosa pa kushikia. Na kazi ya kuunganisha rekodi zilizojirudia apewe mtu mmoja makini: programu nyingi haziwezi kuzitenganisha tena.

Msomaji,
Mombasa