Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi na Walezi wa Watoto Waliolazwa Vituoni

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, naleta taarifa ya chama chetu cha wazazi, walezi na wahudumu wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani. Kazi iliyotuchukulia muda mwingi ni kusoma karatasi za vituo vya tiba ya akili pamoja na wazazi.

Kwa mtoto wa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) aliye chini ya miaka 21, kabla ya kulazwa, isipokuwa kwa dharura, lazima ithibitishwe kuwa huduma za nje, yaani za bila kulazwa, hazitoshi, kwamba anahitaji tiba ya ndani chini ya daktari, na kwamba tiba hiyo inatarajiwa kumpa nafuu au kuzuia hali yake isizidi kuharibika. Hapo kwenye huduma za nje ndipo pa kubana. Ukikuta pameandikwa tu kuwa zimeshindikana, uliza ni zipi, zilitolewa lini, na kama kuna mtaalamu aliyewahi kufika nyumbani.

Mpango wa tiba unatakiwa uwe tayari ndani ya siku 14 na upitiwe kila siku 30, mzazi akishirikishwa. Mkalimani ni bure. Msikubali mtoto au ndugu yake mdogo atafsiri. Yale makali yanayomhusu baba au mama huyaruka, na daktari hatajua kilichopotea.

Sasa suala la kumzuia mtoto kwa nguvu au kumfungia chumbani. Katika vituo vya PRTF, yaani vituo vya makazi vya tiba ya akili kwa watoto na vijana, amri moja haizidi saa 4 kwa wenye miaka 18 hadi 21, saa 2 kwa wa 9 hadi 17, na saa 1 kwa walio chini ya 9. Hicho ni kikomo tu: akitulia dakika ya tano, aachiwe dakika ya tano. Ndani ya saa moja lazima aonwe ana kwa ana na mtaalamu aliyefunzwa, mzazi ajulishwe haraka iwezekanavyo, na ndani ya saa 24 wahudumu wakae na mtoto kuzungumzia kilichotokea. Amri ya jumla ya "akihitaji, mzuieni" hairuhusiwi.

Wanachama mnaofanya zamu za usiku, hili ni lenu: msimlaze mtoto kifudifudi na kumkandamiza mgongoni. Kifua hakipati nafasi ya kupanuka. Ile kauli kwamba anayeweza kusema bado anapumua vizuri ni ya uongo. Maneno machache hayahitaji hewa nyingi. Mwaka 2020 huko Kalamazoo, Michigan, kijana wa miaka 16 alifariki baada ya kukandamizwa na wahudumu. Chanzo kilikuwa kurusha mkate wakati wa chakula.

Wazazi, mkiomba kumbukumbu za matukio hayo, tazameni saa kabla ya kutazama sababu. Yakirundikana wakati wa kubadilishana zamu, kasoro iko kwenye ratiba, na kumwongezea mtoto dawa hakutaitibu.

Kuhusu dawa, kwa ufupi: anayeanza olanzapine au risperidone (dawa za magonjwa ya akili) apimwe uzito, sukari na mafuta ya damu kabla ya kuanza, kisha uzito wiki ya 4, ya 8 na ya 12, na damu tena wiki ya 12.

Sheria ya Desemba 2024 kuhusu unyanyasaji wa watoto vituoni imeagiza utafiti wa kitaifa. Haijaweka viwango vipya vya kituo, kwa hiyo tusiitegemee kwa sasa.

Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ndizo za hatari zaidi ya kujiua. Kabla hamjasaini, hakikisheni mna tarehe ya miadi ndani ya siku 7, dawa za kutosha kufikia miadi hiyo, kikao na shule, na kabati la kufuli nyumbani kwa dawa zote, pamoja na za bibi.

Kamati inapendekeza mkutano mkuu uidhinishe mafunzo ya ukalimani wa tiba ya akili kuwa matumizi ya kwanza ya mwaka ujao. Mchanganuo wa gharama utawasilishwa na mweka hazina.