Mfalme peke yake? Hapana, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti hili tangu niko chuo cha ualimu, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumapili juu ya Watemplari, lile shirika la watawa-askari wa enzi za Vita vya Msalaba, imenikatisha chai. Eti aliyewaangamiza ni Mfalme Philippe wa Nne wa Ufaransa kwa uroho wake wa mali, na eti hati ya Chinon, ambayo Vatikano iliichapisha mwaka 2007, imelisafisha Kanisa.

Imelisafisha vipi? Mfalme aliwakamata wa kwake, Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1307. Hilo ni lake. Wa Uingereza, Aragon na Kupro je? Aliyeagiza wakamatwe ni Papa Klementi wa Tano, kwa barua ya tarehe 22 Novemba mwaka huohuo. Agosti 1308 makardinali wake watatu wanamsikiliza Jacques de Molay, mkuu wa Watemplari, na wenzake pale kwenye ngome ya Chinon, Ufaransa, wanawaondolea adhabu ya kutengwa na Kanisa, wanawarudishia sakramenti. Hati ya kikao hicho, ndiyo hiyo ya Chinon, inakunjwa, inawekwa. Kisha tarehe 12 Mei 1310 Watemplari 54 wanachomwa moto nje ya Paris, baada ya kuhukumiwa na mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa askofu mkuu wa Sens. Kosa lao? Kukana maungamo ya uzushi waliyokamuliwa kwa mateso! Aliyeng'ang'ania uongo akapewa kitubio akaishi, aliyesema kweli akawekewa kuni, huku tume ya Papa mwenyewe ikiwa mjini humohumo kusikiliza utetezi wao. Mwaka 1312, kwenye Mtaguso wa Vienne, wengi wa mababa walitaka watetezi wasikilizwe. Papa akalifuta shirika bila kulitia hatiani. Sasa hati hiyo inamsafisha nani? Aliyejua kwamba wamesamehewa ni nani, kama si yeye aliyewatuma makardinali?

Mwaka juzi nilialikwa kuwafundisha vijana wa parokia moja historia ya Kanisa. Nilipofika 1310 mwenyekiti akainuka, akanipokonya kipaza sauti, akasema, "Mwalimu, hayo ni ya Wazungu," akaanzisha wimbo wa Mama Maria. Vijana wakaitikia, nami nimesimama na chaki yangu. Ya Wazungu! Misheni ya Kilema hapa kwetu ilianzishwa na mapadre waliotoka Ufaransa hiyohiyo, mbona hao hatuwaiti wageni?

Na mwenyekiti huyohuyo hajatusomea hesabu ya michango ya uzio, huu mwaka wa nne. Mali ya Watemplari angalau iliandikiwa hati, tarehe 2 Mei 1312, ikaenda kwa Wahospitali, shirika jingine la watawa-askari. Ya uzio wetu sijui imekwenda kwa shirika gani.

Basi nina ombi. Nakala za hati hiyo zilizochapishwa mwaka 2007 zilikuwa 799 tu, kwa bei ambayo pensheni yangu haiwezi hata kuitazama. Kanisa litoe kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kwa bei ya kile cha novena, kiuzwe baada ya misa ya pili kwenye meza ya rozari na mishumaa. Jaladani isiwekwe picha ya farasi wala upanga. Iandikwe 54, kwa tarakimu kubwa. Cha kwanza nitanunua mimi, na risiti nitadai.

Mwalimu mstaafu,
Moshi